Mnyaa na Mpungate: Wafananao Wasio Ndugu

Juma hili tunazungumzia mti ambao wengi wetu tunaupita tu: mnyaa mkubwa, ule wenye matawi yaliyosimama wima kama mishumaa, yenye kona na miiba. Wako wanaouita kaktasi. Sivyo.

Asili ya kaktasi ni Amerika. Mpungate ni kaktasi. Ulivuka bahari baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Mnyaa mkubwa ni mwenyeji wa Afrika. Utawatofautishaje? Kaktasi nyingi ukizikata hutoa majimaji. Mnyaa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Miiba ya kaktasi huota kwenye vishungi vidogo vya manyoya. Ya mnyaa huu husimama miwili miwili juu ya kona za shina. Mimea hii imefananishwa na shida moja, yaani ukame. Majani yamepungua, shina likashika kazi yake na kuwa ghala la maji, na vitundu vyake vya hewa hufunguka usiku, jua likishazama.

Kwa wazee wetu, jamaa yake mwembamba asiye na miiba alikuwa ua na alama ya mpaka. Kipande hushika upesi, mifugo huuogopa utomvu, na nyumba ikianguka ua hubaki. Watu walipohamishiwa vijijini katika Operesheni Kigoma, iliyoanza mwaka 1972, waliacha mahame nyuma. Safu ya minyaa iliyobaki porini hueleza kwamba hapa palikuwa na mji wa mtu.

Lakini kustahimili jua si kustahimili shoka. Nchini Kenya, katika msitu wa hifadhi wa Witu, upande wa Lamu, kuna mnyaa unaofikia mita 30, usioota penginepo duniani. Msitu ule umekatwa mbao na kufyekwa mashamba, na miti iliyokomaa iliyohesabiwa ni kama 20 tu. Ikiisha hiyo, hakuna pa kuomba mbegu.

Mkataba wa kimataifa uliotiwa saini Washington mwaka 1973, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1979, unadhibiti biashara ya kaktasi na minyaa hii kuvuka mipaka. Basi akija mtu kutaka uing'oe akauze nje, mwulize kibali. Ila panga la shambani halina mkataba. Hilo liko mkononi mwako.

Kwa hiyo, ukifyeka shamba jipya, mnyaa mkubwa uuache usimame. Ukitaka ua, kata kipande cha mnyaa mwembamba, kianike kivulini siku chache mpaka kidonda kikauke, ndipo upande. Jihadhari na utomvu: ukiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi, kisha nenda zahanati upesi.

Mti uliokua miaka mingi huangushwa asubuhi moja. Kazi njema.