Utamu Uliodanganya: Risasi Katika Divai ya Watawa wa Ulm



Wapendwa waamini, yeyote aliyewahi kuhudumu katika sakristia anajua kwamba kalisi, hata ile ambayo kwa nje ni ya fedha au ya metali ya kawaida, kwa ndani hupakwa dhahabu. Wengi hudhani ni kwa ajili ya heshima tu. Heshima ni sababu ya kwanza, naam, lakini ipo na sababu nyingine ya kale, nayo inahusu afya ya mnywaji.

Katika karne ya 13, Mtakatifu Thoma wa Akwino, akizifafanua taratibu za Misa katika Summa Theologiae, alieleza kwamba kalisi na patena ziwe za dhahabu au za fedha, ama za bati kwa walio maskini. Shaba isitumike, kwa kuwa divai huitia kutu, na kutu hiyo humfanya mtu atapike. Hiyo ilikuwa sheria ya Kanisa iliyomtangulia, nayo ilitokana na uzoefu. Divai ina asidi, na asidi huila shaba pole pole, ikaacha kutu ya kijani iliyo chungu mdomoni na yenye kuchafua tumbo.

Hata hivyo shaba ina jambo moja jema: hutoa onyo. Ladha hubadilika, ulimi unakataa, mtu anaacha kunywa. Iko metali nyingine isiyoonya, nayo ni risasi, ile ile inayotumika leo katika betri za magari. Divai inapochacha hufanya siki, na siki ikikutana na risasi huzaa chumvi iliyo tamu kama sukari. Zaidi ya hayo, chumvi hiyo huizuia divai isiendelee kuharibika. Kwa hiyo sumu ilijitokeza kwa sura ya dawa. Columella, mwandishi Mrumi wa karne ya kwanza aliyefundisha kilimo, alishauri maji ya zabibu yachemshwe katika vyombo vya risasi kuliko vya shaba, kwa sababu shaba huharibu ladha. Aliusikiliza ulimi wake, na ulimi ukampotosha.

Gharama ya kosa hilo ilionekana wazi katika mji wa Ulm, kusini mwa Ujerumani. Miaka ya 1690 ilikuwa ya baridi kali. Zabibu hazikuiva vizuri na divai ilitoka kali mno. Mwaka 1694 watawa wa nyumba mbili mjini humo walianza kuugua: msokoto wa tumbo usiovumilika, choo kufunga, viungo kulegea hata kupooza. Daktari wa mji, Eberhard Gockel, aliitwa kuwatazama. Angeweza kulaumu hewa au majira, kama ilivyokuwa desturi. Badala yake aliuliza swali jepesi: ni nani asiyeugua? Akagundua kwamba watawa wasiokunywa divai walikuwa wazima.

Gockel alikuwa amesoma kitabu cha mwaka 1656 cha Samuel Stockhausen, daktari wa Goslar, aliyeeleza jinsi wachimba madini wa huko walivyoumwa ugonjwa wa namna hiyo hiyo kwa kuvuta vumbi na moshi wa risasi. Akaunganisha mambo hayo mawili. Alimpata mfanyabiashara wa divai aliyempa siri ya kuirekebisha divai kali: hutiwa dawa iliyotengenezwa kwa unga wa risasi iliyochomwa. Gockel akaitengeneza mwenyewe, naye akashuhudia divai mbovu ikigeuka kuwa tamu na ya kupendeza. Uchunguzi wake aliuchapisha mwaka 1697.

Kabla hata kitabu hicho hakijatoka, mwezi Machi 1696, Mtawala Eberhard Ludwig wa nchi jirani ya Württemberg alipiga marufuku kutia risasi katika divai, na adhabu aliyoiweka ilikuwa kifo. Adhabu hiyo inatutisha leo. Lakini inaonyesha jinsi watu walivyoona uzito wa kosa la kumwuzia mwenzako maumivu kwa jina la utamu.

Je, jambo likaishia hapo? La. Mwaka 1767 huko Uingereza, daktari George Baker alionyesha kwamba ugonjwa wa tumbo uliowasumbua watu wa Devon ulitokana na risasi iliyokuwa katika mitambo ya kukamulia matofaa ya kutengenezea pombe. Hata karatasi ya risasi iliyofunika vizibo vya chupa za divai ilipigwa marufuku nchini Marekani mwaka 1996 tu. Leo Shirika la Kimataifa la Mzabibu na Divai limeweka kikomo cha miligramu 0.10 za risasi kwa lita moja ya divai, kuanzia mavuno ya mwaka 2019, na miligramu 1 kwa shaba. Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaodhurika zaidi.

Wapendwa, mimi najifunza mawili. La kwanza ni kwa sisi tunaouza na kununua. Inawezekana mfanyabiashara yule hakujua anaua. Alijua tu kwamba anaficha ubovu. Lakini anayeficha ubovu wa bidhaa yake hawezi kujua amemwekea jirani yake nini mezani. La pili ni kwa sisi tunaoguswa na ugonjwa majumbani: tusikimbilie kulaumu majirani au mikosi. Tuulize kama Gockel: nani ameugua, nani mzima, na kila mmoja amekula na kunywa nini?

Kanuni za Kanisa zinadai divai ya Misa iwe halisi, ya mzabibu, isiyoharibika. Na kalisi ya metali iingiayo kutu ipakwe dhahabu kwa ndani. Basi mtunza sakristia akiona dhahabu imechubuka ndani ya kalisi, asinyamaze. Aniletee.

Nawatakia Dominika njema.