Ugawanaji wa Insafu, Wala Si Mgawanyo Sawa

Nyaraka za uhifadhi zinaendelea kutuandikia "mgawanyo sawa wa faida" kana kwamba jambo limekwisha. Halijaisha. Wanakamati waliopitisha istilahi hiyo wamekosea katika kila neno, na walipoonywa hawakujibu. Gawanya ni kitendo cha mwenye kisu: yuko nje ya sinia, anakata, wengine wanakinga mikono. Gawana, kwa kiambishi chake cha kutendana, huwaingiza wote katika tendo. Kijiji kilichotenga ardhi yake kwa ajili ya wanyamapori ni mbia, na ubia huo unabebwa na "ugawanaji" peke yake. Nayo faida, mfanyabiashara yeyote anajua, ni kinachobaki gharama zikishatolewa. Lakini gharama za mkulima wa kando ya hifadhi, mahindi yaliyoliwa na tembo na usiku wa kukesha shambani, hazimo katika hesabu hiyo. Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 ziliziwekea mlango wa pembeni: kifuta jasho kwa mazao, kifuta machozi kwa kifo na majeraha. Ni malipo ya kupoza, hayakupewa hadhi ya fidia. Istilahi isiyotaja mizigo huisaidia sera kuisahau, kwa hiyo nasema manufaa na mizigo.

Zito zaidi ni "sawa". Katika Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Burunge, iliyoundwa na vijiji vilivyo kati ya hifadhi za Tarangire na Ziwa Manyara nchini Tanzania, mapato ya vijiji yaligawanywa sawa kwa sawa. Minjingu, kijiji chenye hoteli za kitalii zilizozalisha sehemu kubwa ya mapato hayo, kililalamika na kutaka kujitoa. Hesabu ilikuwa sawa, ugomvi ukazaliwa. Mkataba wa Bayoanuwai wa 1992 hautaki mafungu yanayolingana. Unataka kila mmoja apate kinachomstahiki. Kiswahili kina neno la maana hiyo, insafu, lililomo katika kamusi zetu za zamani na ambalo wanakamati hawakujisumbua kulitafuta. Asili yake ni Kiarabu, mzizi uleule uliotupa nusu. Hapo wapinzani wangu hudakia: nusu si usawa huohuo? Sivyo. Kufanya insafu ni kumpa mwenzako haki ileile ambayo ungeidai kwa ajili yako, na kipimo chake ni stahili, ambayo hutofautiana kati ya aliyewatolea wanyamapori malisho na aliyewatolea njia tu. Wengine hupendekeza "haki". Neno hilo tayari limebeba haki za binadamu, haki za ardhi na haki ya mahakamani. Likiongezewa hili, msomaji hatajua kama kijiji kinadai umiliki au kinadai uadilifu katika mapato. Wanaosema insafu haijulikani wakumbuke kwamba hata bayoanuwai haikujulikana mpaka ilipoandikwa.

Katika mikataba iandikwe "ugawanaji wa insafu wa manufaa na mizigo ya uhifadhi". Mikutanoni, "kugawana kwa insafu" inatosha.