Kicheko ni cha Nani? Kumbukumbu ya 1962 na Mgawanyiko wa Hadhira ya Filamu ya Animal House

Utangulizi

Tarehe 28 Julai 1978 filamu ya vichekesho iliyoitwa National Lampoon's Animal House ilizinduliwa nchini Marekani. Ilikuwa imegharimu takriban dola milioni 3, fedha chache kwa vipimo vya Hollywood, na mwongozaji wake, John Landis, hakuwa ametimiza miaka 28. Hatimaye iliingiza zaidi ya dola milioni 140. Mhakiki Roger Ebert aliitunuku nyota nne, na mwaka 2001 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya filamu za taifa zinazostahili kuhifadhiwa. Pamoja na sifa hizo, filamu hii haijapata kuwa na hadhira moja. Wapo waliouona ndani yake wimbo wa uhuru wa ujana, na wapo walioona ulevi, ufidhuli na dharau kwa wanawake na watu weusi.

Jibu ambalo aghalabu hutolewa ni kwamba nyakati zimebadilika: lililochekesha jana halichekeshi leo. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mgawanyiko wa hadhira ulikuwemo ndani ya filamu yenyewe tangu ilipoandikwa, na kwamba chanzo chake ni namna inavyoyakumbuka maisha ya chuo.

Miaka miwili ndani ya filamu moja

Hans Robert Jauss, katika nadharia yake ya upokezi aliyoanza kuitangaza mwaka 1967, alisisitiza kuwa kazi ya sanaa hupokewa kupitia upeo wa matarajio ya hadhira yake. Katika Animal House pana pengo la miaka 16 baina ya wakati unaosimuliwa na wakati wa kusimulia. Hadithi inatukia mwaka 1962 katika chuo cha kubuni kiitwacho Faber. Chama cha udugu cha Delta, kilichojaa wanafunzi wazembe na walevi, kinapambana na chama cha Omega, cha vijana nadhifu wenye kiburi, pamoja na Mkuu Wormer anayetaka Delta ifutwe. Waandishi watatu, Harold Ramis, Douglas Kenney na Chris Miller, walichota katika maisha yao ya chuoni. Miller hasa alikuwa amekwisha kuandika katika jarida la National Lampoon visa vilivyotokana na chama chake cha Alpha Delta katika Chuo cha Dartmouth.

Kwa hadhira ya 1978, mwaka 1962 haukuwa tarehe tu. Ulikuwa kabla ya kuuawa kwa Rais Kennedy mwaka 1963, kabla ya majeshi ya Marekani kuzama katika vita vya Vietnam, na kabla ya kashfa ya Watergate iliyomwondoa Nixon madarakani mwaka 1974. Mtazamaji aliyepitia misukosuko hiyo alionyeshwa ujana ambao kosa lake kubwa lilikuwa kuvunja kanuni za bweni. George Lucas alikuwa ameutumia mwaka huohuo wa 1962 katika American Graffiti (1973), akaimaliza filamu yake kwa maandishi mafupi yaelezayo hatima ya vijana wanne wa kiume. Landis na wenzake waliichukua mbinu hiyo wakaigeuza tashtiti. Mmoja wa Omega, tunaambiwa, aliuawa Vietnam na askari wake mwenyewe. Mwingine aliitumikia Ikulu ya Nixon akaishia gerezani. Ilhali Bluto, mlevi asiyejua hata ni nani aliyeishambulia Pearl Harbor, akawa seneta.

Hapa ndipo kinaya cha filamu kilipo. Inaitamani zamani na papo hapo inaishtaki. Inadai kwamba wale watiifu wa 1962 ndio walioipeleka nchi katika maangamizi, na kwamba wahuni walikuwa wasafi wa moyo kuliko wao. Mtazamaji aliyelikubali dai hilo alicheka kwa dhamiri nyeupe, kwa maana kicheko chake kilikuwa hukumu juu ya wakubwa.

Utani na mipaka yake

Mikhail Bakhtin, katika kitabu chake juu ya Rabelais kilichochapishwa mwaka 1965, alikieleza kicheko cha kanivali kuwa ni kile kinachopindua madaraka kwa muda, aliye juu akashushwa na aliye chini akainuliwa. Sherehe ya toga, ambapo wanafunzi wanajifunga mashuka kama Warumi wa kale, na gwaride la mwisho linalovurugwa mbele ya mji mzima, zinaafiki maelezo hayo. Hata muziki wa Elmer Bernstein, uliotungwa kwa uzito kana kwamba ni wa tamthilia ya kishujaa, unashiriki katika upinduzi huo.

Lakini kanivali haielezi kwa nini baadhi ya watazamaji walibaki nje ya kicheko. Kwa hilo dhana ya utani inafaa zaidi. Katika jamii nyingi za Afrika ya Mashariki utani ni uhusiano wenye masharti. Mtani humtania mwenziwe akijua kwamba naye atataniwa, na kwamba siku ya msiba mwenziwe huyo atakuwa na wajibu kwake. Pasipo haki hiyo ya kurudishiana, utani hugeuka kuwa matusi. Kwa kipimo hiki, Delta na Omega ni watani. Kila upande una ukumbi wake, wafuasi wake na uwezo wa kulipiza, na mzaha wao unakwenda na kurudi.

Sivyo ilivyo kwa wanawake wa Faber. Bluto anapanda ngazi kuwachungulia wasichana wakibadili nguo, kisha anageuza uso kumtazama mtazamaji, kana kwamba anamwalika awe mshirika wake. Kisa cha binti wa meya kinaufanya umri wake mdogo kuwa kilele cha mzaha. Wanaotaniwa hapa hawana zamu ya kujibu. Hata katika maandishi ya mwisho Mandy Pepperidge hapati hatima yake mwenyewe: anatajwa kama mke wa Seneta Blutarsky. Wahenga walinena kuwa mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mtazamaji wa kike alialikwa acheke pamoja na aliyeushika mkuki, ilhali mwili uliolengwa ulikuwa wake.

Klabu ya Dexter Lake

Hakuna sehemu inayoudhihirisha mgawanyiko huu kuliko safari ya usiku ya vijana wa Delta. Wamewachukua wasichana wa chuo kingine kwa hila, wakiwadanganya kwamba mmoja wao alikuwa mchumba wa mwanafunzi aliyefariki. Wanaingia katika klabu ambayo wateja wake wote ni weusi. Jukwaani wanaiona bendi ya Otis Day, ileile waliyoikodi kwa sherehe ya toga. Boon anamwita Otis kwa furaha, akitazamia kukumbatiwa kama rafiki wa zamani. Otis hamjali. Wateja wanawazingira, na vijana wanatoroka mbio wakiwaacha wasichana nyuma.

Landis amesimulia kwamba wakubwa wa studio walikihofia kipande hicho, na kwamba mchekeshaji Richard Pryor alipoonyeshwa alikiona kuwa kinachekesha. Hofu yao haikuwa ya bure, kwa kuwa kipande hiki kina tafsiri mbili zinazopingana. Kwa tafsiri ya kwanza, anayechekwa ni kijana mweupe aliyedhani kwamba kumlipa mtu ili amwimbie ni kuwa rafiki yake. Boon anadai utani asioustahili, na Otis anaukataa. Kwa tafsiri ya pili, kicheko kinategemea hofu ya zamani, kwamba pahala pa watu weusi ni pahala pa hatari kwa wazungu na kwa wanawake wao. Kamera inawafanya wateja wa klabu kuwa miili mikubwa ya kutisha. Hawana majina wala historia.

Tafsiri zote mbili zina ushahidi ndani ya filamu, na kuichagua mojawapo kunategemea mahali anapoketi mtazamaji katika historia. Mwaka 1962 wenyewe unatoa ushahidi wa tatu. Tarehe 1 Oktoba mwaka huo James Meredith alijiandikisha katika Chuo Kikuu cha Mississippi, akiwa mwanafunzi mweusi wa kwanza huko, baada ya usiku wa ghasia ambamo watu wawili waliuawa. Msimu huohuo ambao Faber inacheza na kulewa, kijana mmoja alihitaji ulinzi wa serikali ya shirikisho ili aingie darasani. Filamu hailitaji jambo hilo.

Hadhira za baadaye

Baada ya 1978 sherehe za toga zilienea katika vyuo vingi vya Marekani, na filamu iliyotungwa kama kumbukumbu ikawa kielelezo cha kuigwa. Hata hivyo mazingira ya kuipokea yalikuwa yakigeuka. Dartmouth, chimbuko la visa vya Miller, ilikuwa imeanza kusajili wanawake kama wanafunzi wa kawaida mwaka 1972, na sheria ya shirikisho ya mwaka 1984 iliyashurutisha majimbo kuufanya umri wa miaka 21 kuwa wa chini kabisa wa kununua pombe. Mwaka 2015 Dartmouth iliifutia Alpha Delta utambuzi kwa sababu ya kuwatia wanachama wapya alama mwilini kwa chuma cha moto. Katika filamu, kufutwa kwa Delta ni uonevu wa mkuu mkali. Katika maisha, kufutwa kwa chama kilichoizaa Delta kulihusu majeraha ya miili.

Hitimisho

Yamkini ni makosa kuwahesabu wanaoipenda filamu hii kuwa wagumu wa moyo, na wanaoichukia kuwa wasiojua kucheka. Wa kwanza wanaitikia tashtiti dhidi ya mamlaka, nayo imo. Wa pili wanaitikia bei ya tashtiti hiyo, nayo vilevile imo. Uchambuzi unaoishia kusema kuwa ladha hutofautiana unaikwepa kazi yake, kwa sababu haukabili swali la nani aliyepewa haki ya kukumbuka.

Hamu ya zamani ya chuo huzungumza kwa nafsi ya kwanza wingi: sisi tulikuwa vijana, sisi tulikuwa huru. Kazi ya mhakiki ni kuuliza ukubwa wa hiyo "sisi". Vijana wa Delta walipotoka mbio katika klabu, hadithi iliendelea pamoja nao. Wasichana waliachwa usiku ule mbali na chuo chao, na Otis Day alibaki jukwaani na kazi yake. Nao pia waliuishi mwaka 1962, na kumbukumbu yao ya usiku huo ingekuwa filamu nyingine.