Wazee Wetu Katika Daftari za Kale

Katika kitabu cha Ezra, sura ya pili, imeandikwa hesabu ya Wayahudi waliotoka utumwani Babeli wakarudi kwao. Miongoni mwao walikuwako watu 652, wana wa Delaya na Tobia na Nekoda, ambao hawakuweza kuonyesha nyumba za baba zao. Tena walikuwako wana wa makuhani waliotafuta majina yao katika daftari ya nasaba, yasionekane. Wakaondolewa katika ukuhani. Sisi tuliopewa kazi ya kukusanya habari za wazee kwa kitabu hiki cha yubile tumeyasoma maneno hayo mara nyingi, maana watu wa namna hiyo tunao hata kwetu. Hao ni wajukuu na vitukuu wa watumwa waliowekwa huru wakaletwa Kisauni na Rabai, nao hutuuliza swali moja: “Babu yetu alikuwa mtu wa wapi?”

Swali hilo si la udadisi tu. Mgiriama akiulizwa kwao hutaja mbari yake na kaya ya wazee wake. Mtu wa Mvita hutaja mtaa na kaburi la babu. Lakini mtu wa Frere Town alijibu kwa neno moja, “Mimi ni Mmisheni,” na neno hilo halina mbari wala kaya. Wako waliolitamka kwa dharau, na wako wazee walionyamaza mpaka kufa, wasiwaambie watoto wao kwamba waliwahi kuuzwa. Basi twataka kueleza jinsi wazee wale walivyoandikwa, kwa nini hawaonekani upesi, na njia gani yaweza kumfikisha mjukuu karibu nao.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza, kwamba watumwa wasipakiwe tena baharini, na masoko yao yafungwe. Biashara haikukoma siku ile. Manowari ziliendelea kuyakamata majahazi usiku na mchana, na tangu 1874 manowari kubwa iitwayo London ilikaa bandarini Unguja kuwa makao ya kazi hiyo. Ndipo lilipozuka swali gumu: watu wanaotolewa majahazini wapelekwe wapi? Kabla ya hapo wengi walikuwa wamepelekwa Aden, na Bombay, na Shelisheli, mbali na kwao kabisa. Baadhi ya watoto waliofika Bombay walilelewa na misheni karibu na mji wa Nasik, wakafundishwa kusoma na kazi za mikono. Mwaka wa 1875 Padre William Salter Price, aliyewajua watoto hao wa Nasik, alipata ardhi ng'ambo ya kisiwa cha Mvita akaanzisha mji, ukaitwa Frere Town kwa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe aliyekuja Unguja kwa ajili ya mkataba. Kengele yake ipo hata leo, na mahali pale huitwa Kengeleni.

Sasa na tutazame jinsi watu hao walivyoingia katika maandishi. Nahodha wa manowari ndiye aliyehesabu kwanza. Alihesabu kwa uangalifu, maana serikali yake iliwalipa mabaharia zawadi ya fedha kwa watumwa waliookolewa; lakini zawadi ililipwa kwa idadi, wala si kwa majina. Kwa hiyo katika barua zake twaona wanaume wangapi, wanawake wangapi, watoto wangapi. Kisha balozi wa Kiingereza aliihukumu kesi ya jahazi na kutoa hati za uhuru. Mwisho misheni iliwapokea, ikawafundisha, ikawaandika katika daftari ya ubatizo. Hapo ndipo mara nyingi tunapomkuta mtu na jina lake. Lakini jina hilo laweza kuwa la tatu au la nne tangu alipozaliwa.

Mfano wake ni Matthew Wellington. Alikuwa Myao, na jina alilopewa kwao ni Chengwimbe. Alitekwa akiwa mtoto, akaokolewa na manowari, akapelekwa Aden na baadaye Nasik, akapata huko jina la Kiingereza. Mwaka wa 1872 alikuwa mmoja wa vijana sita wa Nasik waliotumwa bara kumfuata Dakta Livingstone. Na Livingstone alipokufa mwaka wa 1873, alikuwa miongoni mwa walioichukua maiti yake mpaka pwani. Baadaye aliishi Mombasa, akafa huko mwaka wa 1935. Mtu akimtafuta Wellington katika nchi ya Wayao, atatafuta mpaka achoke, asimwone. Akimtafuta Chengwimbe katika daftari za Mombasa, itakuwa vivyo hivyo. Sisi twajua kwamba wawili hao ni mtu mmoja kwa sababu aliishi siku nyingi, na watu wakamwuliza, na majibu yake yakaandikwa. Lakini wenzake wengi hawakuulizwa na mtu.

Majina ya utumwani nayo yana shida yake. Mabruki, Baraka, Feruzi, Almasi, Farajallah, Bahati, Majaliwa: majina haya walipewa watu wengi sana, na bwana mmoja angeweza kuwa na Baraka wawili nyumbani mwake. Tena mwandishi Mzungu aliandika kwa kadiri ya sikio lake, na mara nyingi alisikia kwa kinywa cha mkalimani. Kwa hiyo Mabruki huonekana pia Mbaruku na Mabrouk. Umri ulikadiriwa kwa kumtazama mtu. Hata kabila halikuandikwa sawasawa. Aliyetoka upande wa ziwa aliandikwa “Mnyasa,” na chini ya neno hilo moja wamejificha Wanyanja na Wachewa na Wayao na wengine. Nyasa ni jina la maji. Mjukuu anayesoma “Mnyasa” amepewa njia ya kufuata, lakini bado hajapewa mbari.

Labda msomaji atasema: Je, serikali haikuwahesabu watu? Iliwahesabu, lakini kwa namna isiyotufaa sana. Katika Kenya hesabu za 1911, 1921, 1926 na 1931 zilikuwa za Wazungu na Waasia na wageni wengine. Waafrika walikadiriwa tu kwa kodi ya nyumba. Hesabu ya kwanza iliyowaingiza Waafrika wote ilifanywa mwaka wa 1948, na vitabu vyake vilivyopigwa chapa vyatoa idadi ya makabila, havitoi majina ya watu. Kipande kilichoanza kutumika baada ya vita vya 1914–1918 kilitaja jina la mtu, kabila lake na mkubwa wake. Lakini kilikuwa cha wanaume tu, tangu umri wa miaka 16. Bibi zetu hawamo.

Tena hesabu yaweza kumdanganya asomaye kwa haraka. Kule Unguja, watu waliojiita Waswahili walikuwa wengi katika hesabu ya 1924, na katika ile ya 1931 walipungua mno. Hawakufa kwa tauni, wala hawakuhama. Wengi walikuwa wale wale, nao waliamua kujiita kwa majina mengine, kama Wahadimu au Washirazi, kwa kuwa jina la Mswahili lilikuwa limenukia utumwa katika masikio ya watu. Basi mzee akipotea katika orodha ya kabila moja, na atafutwe katika orodha ya pili. Daftari huandika yale mtu aliyosema siku ile, au yale aliyosemewa na mwingine.

Yako maandishi mengine ambayo wengi huona haya kuyagusa, nayo ni karatasi za mabwana. Tarehe 1 Januari 1889, huko Rabai, watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamekimbilia misheni walipewa hati za uhuru, baada ya Bwana George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza kupatana na mabwana zao na kuwalipa. Katika ukanda wa pwani, sheria ya 1907 iliondoa utumwa mbele ya mahakama, na wenye watumwa wakaruhusiwa kudai fidia. Mwenye kudai fidia alipaswa kuthibitisha ni nani aliyempoteza. Kwa hiyo mzee ambaye hakuandikwa popote kama baba wa watoto wake aweza kuonekana pale kama mali ya mtu mwingine. Ni uchungu kumsoma babu yako hivyo. Lakini aliyeogopa uchungu huo amefunga mlango mmoja katika michache iliyopo.

Basi mjukuu afanyeje? Sisi tumejifunza jambo moja katika kazi hii, nalo ndilo tunalotaka msomaji alishike: usimtafute mzee peke yake, bali watafute waliokuwa pamoja naye. Watu waliotolewa katika jahazi moja aghalabu walifundishwa pamoja na kubatizwa siku moja; wakaozana, wakawa mashahidi wa ndoa wao kwa wao, wakasimamiana watoto katika ubatizo. Walikuwa wamepoteza ndugu wa damu, na wale waliolala nao katika ngama ya jahazi wakawa ndugu badala yao. Kwa hiyo, ukimpata Baraka katika daftari, usiishie mstari wake. Soma majina yaliyo juu yake na yaliyo chini. Mtazame msimamizi wake, na shahidi wa ndoa yake, na aliyezikwa karibu naye. Pengine habari za mwenzake mmoja zimeandikwa kwa urefu: jahazi gani, mwezi gani, alitekwa wapi. Hapo umepata njia ya babu yako, ijapokuwa yeye mwenyewe hakuulizwa neno.

Na utaratibu uwe huu. Anza nyumbani, kwa wazee walio hai, ukiandika hata jina la utani na wimbo usioelewa maana yake. Kisha nenda kanisani, katika daftari za ubatizo, ndoa na mazishi. Baadaye ndipo uende kwenye nyaraka za serikali, Nairobi, au Kilimani huko Unguja, ambako barua za ubalozi wa Kiingereza zimehifadhiwa. Barua za wamisionari wa kwanza wa Frere Town na Rabai zimewekwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Anayeanza na nyaraka kabla ya nyumbani huenda akarudi mikono mitupu, kwa kuwa hajui anatafuta jina lipi.

Kwamba kazi hii si bure, twaona katika habari ya watoto wa Kioromo. Mwezi wa Septemba 1888 manowari Osprey ilikamata majahazi katika Bahari ya Sham yaliyopakia watoto kutoka nchi ya Waoromo. Walipelekwa Aden, kwenye misheni ya Waskoti huko Sheikh Othman. Na mwaka wa 1890 watoto 64 walipelekwa Lovedale, Afrika ya Kusini. Wamisionari wale walifanya jambo ambalo wengine hawakulifanya: walimwuliza kila mtoto, kwa lugha yake, jina la baba na mama, kijiji chake, jinsi alivyotekwa na mikono aliyopitia, wakayaandika yote. Mmoja wao alikuwa msichana aitwaye Bisho Jarsa. Mjukuu wake ni Neville Alexander, yule mwanachuoni aliyefungwa Robben Island tangu 1964 hata 1974. Alipokuwa mtoto alimsikia bibi yake akisema maneno yasiyofahamika na mtu nyumbani; baadaye akajua kwamba bibi alikuwa akisema Kioromo, lugha ya utoto wake.

Na hapa Mombasa, James Mbotela, mwana wa Frere Town, aliandika katika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichopigwa chapa mwaka wa 1934, habari za kutekwa na kuokolewa kwa watu wa baba yake. Aliandika kwa kuwa alikuwa amewasikiliza wazee walipokuwa bado hai.

Hata hivyo hatutaki kumwahidi msomaji yasiyowezekana. Wako wazee ambao njia yao hukatika kwenye ubao wa jahazi, wala hakuna karatasi ng'ambo ya pili. Hapo na tuandike kwamba njia imekatika. Tusimzulie babu mbari aliyoipenda jirani, wala tusimfanye mwana wa sultani. Alipewa majina ya kuzuliwa ya kutosha alipokuwa hai. Nafasi tupu iliyoachwa kwa kweli ni heshima kwake, na tena mjukuu mwingine aweza siku moja kuijaza.

Wale wana wa Delaya na Tobia na Nekoda hawakuweza kuonyesha nyumba za baba zao. Lakini walipanda pamoja na wengine wote, na idadi yao ikaandikwa katika kitabu. Kadhalika wazee wetu. Basi, ndugu wasomaji, aliye na hati ya kale sandukuni asiiache iliwe na mchwa, na ailete ikanakiliwe. Aliye na mzee nyumbani na aketi naye wiki hii, na kalamu mkononi, amwulize yale ambayo wamisionari wale waliwauliza watoto 64: baba yako nani, mama yako nani, mlitoka wapi, na mlikuwa pamoja na nani.