Utandokuvu: Istilahi ya Maunzi Yanayooteshwa

Utandokuvu ni istilahi inayopendekezwa kuwa kisawe cha neno la kisayansi "mycelium", ambalo asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya uyoga. Neno hilo hutaja sehemu ya kuvu ambayo macho ya watu huipita bila kuiona, yaani mkusanyiko wa nyuzi nyembamba mno zinazotambaa ndani ya udongo, ndani ya gogo au katikati ya mabaki ya mazao, zikitoa matawi na kuungana tena hadi kuenea kila mahali penye chakula. Uyoga unaochumwa porini na kuuzwa sokoni ni kiungo cha uzazi tu cha utando huo, kinachochomoza kwa muda mfupi ili kutawanya spora na kisha kunyauka, ilhali utando wenyewe unaweza kuishi miaka mingi chini kwa chini. Maadamu jambo hili liliwahusu wataalamu wa biolojia peke yao, upungufu wa jina haukuwa mzigo mkubwa. Lakini tangu utando huo uanze kutumika viwandani kutengenezea vifungashio, vibao vya kuzuia joto na sauti, na vitu vinavyofanana na ngozi, kisawe chake cha Kiswahili kimekuwa hitaji la mhandisi, la mwandishi wa kiwango cha ubora na la mchapishaji wa lebo ya bidhaa.

Kiswahili hakikosi maneno ya jamii hii. Kuna kuvu, ukungu, koga, uyoga, hamira na fangasi, na kila moja lina eneo lake. "Ukungu" na "koga" hutaja kile kinachoota kwenye mkate uliolala au nguo yenye unyevu; "hamira" ni kuvu ya seli moja moja inayoumua unga; "fangasi", ingawa vitabu vya shule hulitumia kwa himaya nzima ya viumbe hawa, mtaani ni jina la maradhi ya vidole vya miguu na ngozi ya kichwa, na si rahisi kumshawishi mnunuzi akalie kiti kilichovikwa fangasi. "Kuvu" limebaki na maana pana, halijafungwa na ugonjwa mmoja, na kwa sababu hiyo linafaa kuwa shina la istilahi zote za fani hii.

Jina linalosikika zaidi katika habari za magazeti na redio ni "mizizi ya uyoga", nalo lina kosa la msingi. Mzizi ni kiungo cha mmea, na kuvu si mimea. Tangu mwaka 1969, mwanaikolojia wa Marekani Robert Whittaker alipopendekeza himaya tano za viumbe, kuvu wamewekwa katika himaya yao wenyewe. Mzizi hufyonza maji na chumvichumvi na kuvipeleka kwenye majani, ambako chakula hutengenezwa kwa nguvu ya jua, ilhali utando wa kuvu haupeleki malighafi popote ili ikapikwe: wenyewe hutoa vimeng'enya nje ya mwili wake, huvunjavunja selulosi na lignini ya mmea uliokufa, kisha hufyonza kilichokwisha kumeng'enywa. Anayeuita mzizi anaficha kazi hiyo ya umeng'enyaji, nayo ndiyo inayoufanya utando ushikamane na mabaki ya mazao na kuyafunga kuwa kitu kimoja.

Njia ya pili ni kutohoa na kuandika "miseliamu", kama ambavyo Kiswahili kimefanya kwa oksijeni na protini. Utohozi una faida ya kuunganisha msomi wa Kiswahili na maandishi ya kimataifa, na hakuna sababu ya kuuzuia katika maabara. Kasoro yake ni kwamba neno halimwambii chochote mtu ambaye hajawahi kulisoma, tena halizai maneno mengine kwa urahisi. Njia ya tatu ni kusikiliza wanaoishi na kitu chenyewe. Mkulima wa uyoga wa mamama, ambaye hujaza mabua yaliyochemshwa katika mifuko, akapanda mbegu na kuiweka mifuko hiyo katika chumba cha giza, hungoja utando mweupe utande mfuko mzima ndipo auhamishie penye mwanga na hewa. Neno "utando" linatokana na kitenzi "tanda", ambacho kimekwisha kuthibitisha uwezo wake wa kuzaa istilahi, kwa kuwa ndicho kilichotupa "mtandao" na "utandawazi". Pingamizi moja ni kwamba biolojia hutumia "utando" pia kwa ngozi laini inayozunguka seli. Pingamizi hilo huondoka mara neno linapoambatanishwa na "kuvu" na kuwa utandokuvu, wingi wake tandokuvu, katika ngeli ya U-ZI. Uzi mmojammoja wa utando, ambao wanasayansi huuita haifa, unaweza kufuata njia hiyohiyo na kuitwa uzikuvu, wingi nyuzikuvu.

Ulinganifu huo wa istilahi mbili unasaidia kueleza jinsi maunzi haya yanavyofanya kazi. Uzikuvu ni mrija wenye kipenyo cha mikromita chache tu, unaorefuka kwenye ncha yake na kupenya kwenye nyufa ndogo za bua au kipande cha mti. Ukuta wake umejengwa kwa glukani, kwa protini na kwa kitini, ambayo ni dutu ileile inayoyapa magamba ya kaa na kamba ugumu wake. Juu ya nyuzi zinazotokeza hewani hukaa protini ziitwazo haidrofobini, ambazo hujipanga kuwa tabaka jembamba linalokataa maji. Kwa hiyo kitu kimoja kina mchango wa pande tatu: mmea hutoa umbo na uzito kwa selulosi yake, kuvu hutoa kifungo kwa kitini, na protini hutoa uso usiolowana upesi. Uhusiano wa viambato hivi unafanana na ule wa fito na udongo katika nyumba ya kukandika, isipokuwa kwamba hapa udongo hujikandika wenyewe.

Utengenezaji wake hufuata hatua zilizo karibu sana na kilimo cha uyoga. Mabaki ya mazao, kama vile mabua, maganda au vumbi la mbao, hukatwakatwa, hulowekwa na kupashwa joto kwa mvuke ili kuua vijidudu vinavyoweza kushindania chakula. Yakipoa huchanganywa na mbegu ya kuvu na kushindiliwa katika kalibu yenye umbo linalotakiwa. Kisha kalibu huachwa gizani kwa siku kadhaa, katika joto la takriban nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, hadi kila chembe ifunikwe na weupe. Hapo ndipo njia za mkulima na mwenye kiwanda hutengana. Mkulima huupa utando mwanga na hewa ili uzae. Mwenye kiwanda huukausha kwa joto ili ufe, kwa sababu utandokuvu ulio hai ungeendelea kula mabua uliyokwisha kuyaunganisha, ukachomoza uyoga, na mwishowe ukalibomoa zao lenyewe. Kwa sababu hiyo maunzi haya huitwa kwa haki maunzi yanayooteshwa, lakini si sahihi kuyaita maunzi hai, kwani yanapomfikia mtumiaji yamekwisha kufa.

Matumizi ya kuvu kama kitu cha kuvaa au kubeba si mapya. Maiti ya mtu aliyehifadhiwa na barafu tangu takriban miaka 5,300 iliyopita, aliyegunduliwa mwaka 1991 katika milima ya Alps na kupewa jina la Ötzi, ilikutwa na vipande vya kuvu wa miti, vikiwemo vya aina inayotumika kushikia cheche za moto. Na katika kijiji cha Corund nchini Romania mafundi bado wanavuta nyama ya kuvu huyohuyo kwa mikono hadi iwe kofia laini. Jambo jipya ni kuuotesha utando ndani ya kalibu. Mwaka 2007 Eben Bayer na Gavin McIntyre, waliosoma uhandisi katika chuo cha Rensselaer jimboni New York, walianzisha kampuni ya Ecovative ili kutengeneza vifungashio vitakavyochukua nafasi ya polistirini, yaani ile plastiki nyeupe nyepesi inayozungushiwa televisheni ndani ya boksi. Mwaka 2014, katika uwanja wa makumbusho ya MoMA PS1 mjini New York, ofisi ya usanifu iitwayo The Living ilisimamisha mnara wa Hy-Fi kwa matofali yapatayo 10,000 ya mabua ya mahindi na utandokuvu, na maonyesho yalipokwisha matofali hayo yakageuzwa mboji. Nchini Kenya, kampuni ya MycoTile ya Mtamu Kililo hutumia mbinu hiyo kutengeneza vibao vya kupunguza kelele na joto ndani ya majengo kutokana na mabaki ya mashambani.

Mifano hiyo isimfanye msomaji aamini kwamba utandokuvu utachukua nafasi ya zege. Uwezo wake wa kuhimili mgandamizo kwa kawaida hauzidi megapaskali moja au mbili, ilhali zege ya kawaida ya ujenzi hupita 20. Tena ndani yake mna hewa nyingi, hivyo hunyonya maji ukiachwa mvuani bila kinga. Hewa hiyohiyo, hata hivyo, huufanya uzuie joto na sauti vizuri, na unapounguzwa hufanya tabaka la makaa juu yake badala ya kuyeyuka na kudondosha matone ya moto kama polistirini. Mahali pake basi ni ukutani na darini, si kwenye nguzo.

Aina ya pili ya zao hili haina mabua ndani yake. Utando huachwa utande juu ya kitanda chake kuwa shuka zito, kisha hubanduliwa, hulainishwa na kupakwa rangi, ukatumika kwa mikoba na viatu. Kampuni ya MycoWorks ya California ilishirikiana na Hermès ya Ufaransa kutoa mkoba wa namna hii mwaka 2021. Maunzi mengine ya aina hiyo, Mylo ya kampuni ya Bolt Threads, yalisitishwa mwaka 2023, ingawa yalikuwa yameungwa mkono na majina makubwa ya mitindo. Waandishi wengi huyaita "ngozi ya uyoga", jina ambalo lina makosa mawili, kwani kitu hicho si ngozi wala si uyoga. Italia, kwa amri ya kisheria ya mwaka 2020, imelinda neno la ngozi litumike kwa kile kilichotoka kwa mnyama tu, na Kiswahili kinaweza kujiepusha na mgogoro huo kwa kusema shuka la utandokuvu.

Neno "maunzi" nalo linahitaji ufafanuzi. "Malighafi" ni kitu kabla ya kutengenezwa, "nyenzo" hubeba zaidi maana ya zana, na "vifaa" ni vitu vilivyokwisha tengenezwa. "Maunzi", kutokana na kitenzi "unda", hutaja kile ambacho kitu kimeundwa kwacho. Kwa kundi zima la maunzi yatokanayo na viumbe, baadhi huandika "baiomateria", lakini neno hilo lina mwenyewe: katika mkutano wa Chester nchini Uingereza mwaka 1986, wataalamu walilipa maana ya kitu kisicho hai kinachotumika katika kifaa cha tiba na kukutana na mwili. Ni salama zaidi kuliachia tiba neno hilo na kusema maunzi ya viumbe kwa yale ya kuvu, mimea na protini. Humo huingia mkonge, ulioletwa Tanga na Richard Hindorf mwaka 1893 na ambao uzi wake ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani bichi; huingia galalithi, plastiki ya protini ya maziwa iliyobuniwa Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19 na kutumika kwa vifungo vya nguo; huingia pia gundi ya soya ambayo Kaichang Li wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon aliibuni akiiga protini ambayo kome hujinatishia mwambani, ili mbao za tabaka zisihitaji gundi yenye fomaldehaidi.

Sifa ya mwisho inayochanganywa ni "endelevu". Kitu kinachooza si lazima kiwe endelevu, kwa kuwa uendelevu hupima safari nzima ya kitu, pamoja na kuni au umeme uliotumika kuchemsha mabua na kukausha kalibu, na umbali ambao mabua yenyewe yamesafirishwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameonyesha kwamba uyoga wa kuliwa hukua juu ya mabaki ya mkonge; kiwanda cha utandokuvu kikikaa kando ya shamba la namna hiyo, hesabu huwa tofauti kabisa na ya kile kinachoagiza malighafi kutoka mbali.

Kwa hiyo lebo iliyo sahihi haina budi kutenganisha mambo manne: kiumbe kilichotumika, zao lake, matumizi yake na mwisho wake. "Kibao cha utandokuvu na mabaki ya mkonge, cha kuzuia sauti ndani ya nyumba, kinachooza kikizikwa" ni maelezo marefu kuliko "ubao wa uyoga", lakini mkaguzi wa viwango anaweza kuyapima neno kwa neno, na fundi anayeyasoma hatakiweka kibao hicho nje kwenye mvua.