Laika, Si Waya

Katika orodha ya istilahi ya kamati yetu iliyonifikia, vile vijiti vyembamba mno vya oksidi ya metali vimepewa jina “wayanano”. Nimelisoma mara tatu nikitafuta sababu, sikuiona.

Waya huvutwa. Mkazi wa Shauri Moyo, Nairobi, hahitaji kufundishwa hilo. Mabanda ya jua kali ya Kamukunji, penye mafundi wa metali, yako jirani. Metali nene hupitishwa kwenye tundu jembamba, kisha jembamba zaidi, mpaka iwe waya. Vijiti hivi havivutwi na mtu. Huota. Shaba ikipashwa moto hewani, kwenye nyuzijoto 400 hadi 700, uso wake hugeuka mweusi, na juu ya weusi huo humea vinywele vya oksidi. Watafiti walioieleza njia hiyo mwaka 2002 walipima unene wa nanomita 30 hadi 100. Unywele wa kichwani hufika kama nanomita 80,000. Na Wagner na Ellis, walioeleza mwaka 1964 jinsi silikoni inavyoota chini ya tone la dhahabu, waliita zao lake sharubu. Wao waliona nywele, kamati yetu imeona waya!

Neno tunalo: laika, wingi wake malaika, zile nywele laini za mwilini zinazosimama baridi ikipiga. Nilipolitaja mkutanoni, mwenzangu mmoja alicheka, akauliza kama oksidi nayo ina malaika wa mbinguni. Kicheko kikaandikwa kwenye kumbukumbu, jibu langu likaachwa. Basi nalileta hapa. Malaika wa mbinguni alitoka Kiarabuni na “ma” yake. Kwetu hana umoja mwingine, nasi husema malaika ameshuka, malaika wameshuka. “Ma” ya malaika ya mwilini ni ya wingi: laika limeota, malaika yameota. Mwenye sikio la Kiswahili atachanganya nini hapo? Isitoshe, udogo umo ndani ya laika tayari, wala hauhitaji kuazima “nano”, kibeti wa Wagiriki.

Kwa matumizi: malaika ya oksidi ya bati hutambua gesi, maana yakiguswa na gesi ukinzani wake wa umeme hubadilika. Andika laika la oksidi ya shaba, malaika ya oksidi ya zinki. Orodha ikirudi kwa masahihisho nitaipeleka hoja hii tena, kwa maandishi, na nitaomba isomwe kwa sauti.