Nyaraka za Ireland ziliungua, majina hayakuisha

Tarehe 1 Januari 1909 serikali ya Uingereza, ambayo wakati huo ilikuwa ikiitawala Ireland, ilianza kulipa pensheni ya uzeeni: hadi shilingi 5 kwa wiki kwa maskini aliyetimiza miaka 70. Ireland kulikuwa na tatizo. Uandikishaji wa vizazi vyote ulianza kisiwani humo mwaka 1864, kwa hiyo mzee wa miaka 70 hakuwa na cheti cha kuonyesha. Wengine walijitetea kwa kumbukumbu: naukumbuka upepo mkubwa wa Januari 1839, ule ulioezua mapaa usiku kucha. Huku kwetu jambo hilo halihitaji maelezo, maana wapo wazee wetu waliozaliwa mwaka wa nzige, na hakuna anayebisha. Maofisa wa pensheni walibisha. Aliyetaka uthibitisho zaidi aliomba daftari za sensa za 1841 na 1851 zipekuliwe mjini Dublin, ili aonekane humo akiwa bado mtoto katika kaya ya wazazi wake.

Maelfu ya fomu za upekuzi huo zipo hadi leo. Zina majina ya wazazi, kitongoji, parokia, na jibu la karani: ameonekana, au hakuonekana. Daftari zenyewe zilizopekuliwa, isipokuwa vipande vichache, hazipo tena.

Zilikuwa zimehifadhiwa Four Courts, majengo ya mahakama kando ya mto Liffey, palipokuwa na ghala la nyaraka za taifa tangu miaka ya 1860. Aprili 1922 wapiganaji waliopinga mkataba na Uingereza waliyateka majengo hayo. Tarehe 28 Juni jeshi la serikali mpya ya Ireland likaanza kuyapiga kwa mizinga, na siku mbili baadaye mlipuko na moto vikalimaliza ghala. Sensa, wosia, kumbukumbu za mahakama na daftari za makanisa, hazina ya karne saba, ziliteketea mchana mmoja, na vipande vya karatasi vilivyoungua vikawa vinaanguka kama mvua katika mitaa ya Dublin.

Wasimulizi wengi huutupia moto huo lawama zote. Mimi naona unasingiziwa nusu ya makosa. Ni kweli ulikula sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851. Lakini daftari za 1861 na 1871 ziliharibiwa na serikali yenyewe baada ya hesabu kukamilika, na zile za 1881 na 1891 zikasagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, karatasi zilipokuwa adimu. Sensa nne ziliuawa na vita, nne na makarani. Za kale kabisa zilizobaki nzima ni za 1901 na 1911, na leo zinasomeka bure kwenye intaneti. Ile ya 1911 ina safu moja inayogusa moyo: mwanamke aliyeolewa aliulizwa amezaa watoto wangapi wakiwa hai, na wangapi wangali hai. Mama akijibu saba na wanne, mtafiti anajua kwamba ana watoto watatu wa kuwatafuta katika daftari za vifo.

Kabla ya 1901 ndipo kazi inapokuwa ngumu, na ndipo utamu ulipo. Wakati njaa ya viazi, iliyoanza 1845, inaua watu wapatao milioni moja na kuwasukuma wengine zaidi ya milioni kupanda meli, wapimaji wa serikali chini ya Richard Griffith walikuwa wakizunguka kisiwa kizima kukadiria kodi. Waliianza kazi ya kuchapisha makadirio 1847 wakamaliza 1864. Walichotaka ni kujua nani ana nyumba, nani ana shamba, la ukubwa gani, na mwenye ardhi ni nani. Mke na watoto hawakuandikwa. Kwa familia nyingi huo ndio mstari pekee wa kizazi kile uliosalia, na uliandikwa kwa ajili ya kutoza pesa.

Daftari za ubatizo nazo zina kisa chake. Kanisa la Kianglikana lilikuwa kanisa la dola, na lilipotenganishwa na serikali mwaka 1871, daftari zake za zamani zikahesabiwa kuwa mali ya umma. Parokia nyingi zikatakiwa kuzipeleka Dublin, na zilizopelekwa karibu zote ziliungua. Wakatoliki, waliokuwa wengi na waliobanwa na sheria kwa muda mrefu, hawakuguswa na amri hiyo. Daftari zao zilibaki kwa mapadre, katika makabati ya parokia, zikiwa na mwandiko mbaya, mara nyingi kwa Kilatini, James akiitwa Jacobus. Mwaka 2015 Maktaba ya Taifa ya Ireland iliweka picha za daftari hizo kwenye intaneti bila malipo. Katika baadhi ya parokia za magharibi haziendi nyuma sana, lakini zipo.

Tatizo kubwa la mtafiti huwa ni kujua afungue daftari ya parokia gani. Ireland ina vitongoji zaidi ya 60,000, na akina John Murphy ni wengi mno. Mjukuu aliyezaliwa Boston akisema babu alitoka Cork, bado hajasema kitu. Waliolijua hilo mapema ni wahamiaji wenyewe. Gazeti la Boston Pilot lilichapisha kuanzia 1831 hadi 1921 matangazo ya watu waliopoteana: dada anamtafuta kaka, mke anamtafuta mume aliyetangulia kwenda kujenga reli. Kwa kuwa ilibidi ndugu atambulikane, wengi walitaja kaunti, parokia, hata kitongoji. Matangazo hayo ya majonzi leo ni dhahabu kwa mtafiti.

Kazi hii haifai kufanywa na mtu mmoja, na mfano mzuri ni Annie Moore. Tarehe 1 Januari 1892 msichana huyo kutoka Cork alikuwa mhamiaji wa kwanza kupokewa katika kituo cha wahamiaji cha Ellis Island, New York, akiwa na wadogo zake wawili wa kiume. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba alihamia Texas akafa kwa ajali. Mtafiti Megan Smolenyak aligundua kwamba yule mwanamke wa Texas alizaliwa Illinois, Marekani kwenyewe. Mwaka 2006 akatangaza zawadi ya dola 1,000 kwa atakayempata Annie halisi. Watu wakajitosa, mkuu wa idara ya nyaraka ya jiji la New York akiwemo, na baada ya majuma machache jibu likapatikana: Annie hakuondoka New York. Aliolewa, akazaa watoto wengi, akafa 1924, akazikwa Queens katika kaburi lisilo na jina. Jiwe aliwekewa 2008.

Hata Barack Obama ana mstari wake. Kasisi Stephen Neill alipekua daftari kuukuu za Kianglikana karibu na Moneygall, kaunti ya Offaly, akakuta familia ya Kearney. Falmouth Kearney, babu wa Obama vizazi vitano nyuma kwa upande wa mama, aliondoka kwenda Marekani mwaka 1850. Obama alifika Moneygall Mei 2011, akiwa rais wa Marekani. Upande wa baba, kijijini Kogelo nchini Kenya, nasaba yake ilitunzwa kwa midomo ya wazee, na haikuhitaji kabati.

Karne moja baada ya moto, Juni 2022, Chuo cha Trinity cha Dublin na hifadhi za nyaraka za Ireland na Uingereza walizindua ghala la kidijitali linalokusanya nakala za vilivyoungua. Nakala zilikuwa zimetawanyika kote: barua zilizopelekwa London, muhtasari wa wosia ulioandikwa na mtafiti wa nasaba William Betham miaka mia moja hivi kabla ya moto, madaftari ya watafiti waliokuwa wakinakili kwa ajili ya wateja wao. Na sensa ya kwanza ya Ireland huru, ya Aprili 1926, ilifungwa kisheria kwa miaka 100, muda uliokwisha Aprili 2026.

Kwa hiyo mwenye bibi au babu Mwairishi asikubali kuambiwa kwamba vyote viliungua. Asianze na jina la ukoo; atafute kwanza kitongoji, katika barua za zamani, vyeti vya ndoa na mawe ya makaburi. Na akikipata, asikifungie sandukuni: akiweke mahali ambapo binamu asiyemjua ataweza kukiona.